Mama Vyungu Anajibu: Kabla Hujanunua Gurudumu

Barua za mwezi huu zimekuja kwa fujo, nyingine kwa bahasha, nyingine kwa simu ya mhariri, na moja imeletwa na dereva wa bodaboda ikiwa imefungiwa kigae ndani. Nadhani zile video za watu wanaozungusha udongo kwenye gurudumu la mfinyanzi ukainuka wenyewe zimechangia. Nimechagua chache ambazo jibu lake litamfaa na jirani.

*

*Shikamoo Mama Vyungu. Nafanya kazi ofisini, naishi Sinza. Mwezi uliopita mimi na wenzangu tulikwenda darasa la ufinyanzi la saa mbili, lenye muziki na juisi. Nilikaa kwenye gurudumu, mwalimu akanishika mikono, kikombe kikatoka. Baada ya wiki mbili nikakifuata kimeshachomwa, kinang'aa rangi ya bluu. Nimekipenda mno. Sasa nataka kuagiza gurudumu la umeme kutoka China niliweke barazani. Ninunue la aina gani?*

*Wa Sinza*

Marahaba mwanangu. Usinunue. Bado.

Kikombe hicho ni cha mwalimu wako. Wewe ulishikwa mikono tu, na hilo si kosa lako wala lake, maana kwa saa mbili hakuna linalowezekana zaidi. Lakini nijibu haya: nani alikanda ule udongo? Nani aliukata mguu wa kikombe kilipokaza? Nani alikipanga tanurini, akawasha, akajua saa ya kuzima? Kama yote hayo yalifanywa na mtu mwingine wewe ukiwa kazini, basi ulichonunua ni mchana mzuri na marafiki. Ni kitu kizuri, ila usikijengee baraza.

Darasa la kujifunza kweli halianzii kwenye gurudumu. Mimi wanafunzi wangu huanza kwa kukanda, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wanaukanda udongo kama unga wa maandazi, wanakunja na kukunja, na kila mkunjo unafungia hewa ndani. Udongo husukumwa mbele na chini, unazungushwa kidogo, unasukumwa tena, bila kukunjwa. Ukimaliza unaukata kati kwa waya na kutazama uso wake. Ukiona vijitundu, rudia.

Kisha bakuli la kubinya: bonge moja linaloenea kiganjani, kidole gumba kati, unabinya huku unazungusha. Ukishafurahia umbo lake, chukua waya ukate bakuli hilo pande mbili, ulione kwa ndani. Wanafunzi hulia hapa! Wananiambia, "Mama, hili lilikuwa zuri." Najua. Lakini ni kwa kulikata ndipo unaona kwamba ukingo ni mwembamba kama karatasi na kitako kinene kuliko kidole, na kwamba vidole vyako vilikudanganya muda wote. Ukilikata mara kadhaa vidole vinaanza kusema kweli.

Baada ya hapo kamba za udongo, ndiyo njia ya bibi zetu: unaviringisha kamba, unaipandisha juu ya nyingine, unaziunganisha kwa kidole ndani na nje, unalainisha kwa gunzi la mahindi au kipande cha kibuyu. Ukitaka kujua njia hii inafika wapi, mtafute mfinyanzi Magdalene Odundo. Amezaliwa Kenya mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Hatumii gurudumu. Mwaka 1974, akiwa mwanafunzi, alikwenda Nigeria kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew, lakini waliomfundisha Odundo kujenga kwa mkono ni wanawake wa Kigwari waliokuwa wakifanya kazi pale, akiwamo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Ladi Kwali alikuwa akikizunguka chungu kwa miguu, anarudi nyumanyuma huku mkono uko ndani ya chungu. Chungu kimetulia, anayezunguka ni yeye.

Sisemi gurudumu ni baya. Ninalo, nalitumia ninapopewa oda ya vikombe vinavyotakiwa kufanana. Ila kuuweka udongo katikati ya sahani ya gurudumu bila kuyumba, jambo ambalo mwalimu alikufanyia kwa dakika moja, huchukua watu wengi wiki nyingi za kurudia bila kutoa hata kikombe kimoja. Tafuta darasa la miezi mitatu ambalo gurudumu lipo na wewe ndiye unayelisafisha. Mwisho wake kama bado unalitaka, nenda kwa fundi chuma akuundie la kusukuma kwa mguu: beringi ya gari kuukuu, nondo, na sahani nzito ya zege chini. Halijali umeme umekatika.

*

*Mama, shikamoo. Nasoma sanaa Mbeya. Niliumba kichwa cha babu yangu kwa ukubwa wake halisi, nikakijenga juu ya kijiti ili kisianguke. Nilikikausha wiki nzima. Tukakipeleka kwa akina mama wanaochoma vyungu kwa kuni na nyasi, haikupita robo saa kikapasuka kwa mshindo, kikavunja na vyungu viwili vya wenyewe. Rafiki zangu wanasema ni hewa ilibaki ndani. Shangazi anasema ni jicho. Nilikipenda sana kile kichwa.*

*Mjukuu*

Pole mwanangu, na kwanza kabisa: wale mama umewalipa vyungu vyao? Kama bado, anzia hapo, maana utawahitaji tena.

Na jicho sina ugomvi nalo, shangazi yako ana mambo yake. Lakini hewa naitetea. Hewa imeonewa sana katika fani hii. Kiputo cha hewa kwenye udongo uliokauka vizuri hupashwa moto, hutanuka kidogo, hutafuta njia kwenye vijitundu vya udongo, basi. Kinachopasua ni maji. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Yakiwa karibu na uso hutoka. Yakiwa katikati ya kichwa kigumu chenye unene wa kichwa cha mtu, na moto umepita nyuzi 100 kwa dakika chache, hayana pa kwenda. Hewa husingiziwa kwa sababu pale kwenye kiputo ndipo maji hujikusanya na ndipo ukuta ulipo dhaifu.

Wiki moja ya kukausha ilikausha ngozi tu. Umbo nene hivyo linaweza kukaa mwezi na zaidi na ndani bado bichi. Kipimo ni shavu lako. Kiweke kichwa shavuni asubuhi, kabla jua halijakigusa. Ukisikia baridi, maji bado yamo, kwa sababu yanapokauka hufyonza joto. Kikiwa na joto la chumba, kimekauka.

Halafu kuna kijiti. Udongo hunywea. Unapokauka na kuchomwa hupungua kwa kiasi cha asilimia 8 hadi 12, kutegemea udongo wenyewe, na kijiti hakinywei pamoja nao. Kwa hiyo hata kisingepasuka, kingepata nyufa kuzunguka shingo. Umbo la juu ya kijiti au waya halichomwi. Wachongaji wanaotumia mifupa ya waya hutengeneza sanamu ya udongo, wanaifunika kwa plasta kupata kalibu, wanautoa udongo, wanamimina saruji au kitu kingine. Udongo wao haukuzaliwa ili uchomwe.

Ukitaka kichwa cha babu kipite motoni, kijenge kikiwa na uwazi ndani. Watu wa Nok kule Nigeria walifanya hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na vichwa vyao vya udongo bado vinachimbuliwa: vina uwazi ndani, na mboni za macho zimetobolewa, joto linaingia na kutoka humo. Njia yao ni ya kamba. Kama umezoea kuumba bonge, fanya hivi.

Umba bonge bila kijiti, liegemeze kwa magazeti yaliyokunjwa. Acha likaze hadi ukikandamiza kwa kidole hakizami, lakini kucha bado inaacha alama. Hiyo ndiyo saa, na haingoji. Ukichelewa siku moja ya jua umepitwa. Chukua waya ukate kofia ya fuvu, juu ya masikio. Itue pembeni kwenye sponji. Kwa kijiko komba ndani yote, ukiacha ukuta wa unene wa kidole chako kidogo, na puani, ambako watu husahau, chimba hadi mle. Komba na kofia. Kisha kwaruza kingo zote mbili kwa uma hadi ziwe na makovu, paka uji wa udongo huohuo, rudisha kofia, bana, ziba alama kwa nje. Acha shingo wazi chini. Sasa masikio: yatakauka siku mbili kabla ya shavu, yatajing'oa. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu na karatasi ya nailoni juu yake. (Mifuko ya plastiki tuliagana nayo mwaka 2019, mimi natumia vipande vya nailoni nzito ya kufunikia vitalu, navifua na kuvirudia hadi vinachoka.)

Na kabla ya kuanza, changanya udongo wako na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimetwangwa na kuchekechwa, sehemu moja kwa nne au tano za udongo. Vigae havinywei tena, vilishanywea, na vinaacha njia za maji kutoka. Una vigae vya kutosha naona.

Motoni, usikubali kuanza na mwali. Waombe wale mama wakuachie uweke kichwa pembeni ya moto wa pole saa kadhaa, unakigeuza, hadi hakishikiki kwa mkono mtupu. Wao hufanya hivyo kwa vyungu vyao, wengine huchoma nyasi ndani ya chungu kwanza. Kwa ukuta mwembamba inatosha muda mfupi. Kwa kichwa inataka nusu siku. Kama chuo chenu kina tanuri la umeme, liache chini ya nyuzi 100 usiku kucha, mlango umeachwa wazi kidogo, ndipo uanze kupandisha joto. Kati ya nyuzi 500 na 600 punguza mwendo: maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo zenyewe yanamalizikia kutoka, na kwenye 573 chembe za mchanga huvimba ghafla. Wakati wa kupoa husinyaa palepale, kwa hiyo ukifungua mlango mapema kwa shauku utasikia "tii", na huo ndio ufa.

*

*Mama Vyungu, mimi ni mwanaume wa Same. Nimeanza kufinyanga na vijana wenzangu wananiita mama. Nifanyeje?*

Mwanangu, mimi mwenyewe nimetokea Usangi, nakuelewa. Upareni chungu kilikuwa cha wanawake, chuma kikawa cha wanaume, na kila upande ulilinda siri yake. Lakini vuka ziwa uone. Buganda wafinyanzi wa Kabaka walikuwa wanaume, cheo cha kujivunia. Kwa hiyo mila yenyewe haina neno moja.

Ila unapochimba, uliza wenyeji. Machimbo mengi yana miiko na yana wenyewe, na mara nyingi wenyewe ni akina mama waliorithi pale kwa mama zao. Usiende na koleo na toroli kama umenunua kiwanja. Hao wanaokucheka uwape kazi ya kukanda saa moja.

*

*Bi Mkubwa, salaam kutoka Unguja. Tumeanzisha kikundi, tunachimba udongo wetu wenyewe. Vyungu vinatoka motoni vizuri, tunavipanga dukani, baada ya wiki mbili vinaanza kubanduka vipande vidogo vya duara, na katikati ya kila shimo kuna kijidoa cheupe. Wateja wanarudisha. Kuni zetu mbaya?*

Salaam jamani. Kuni zenu hazina kosa. Hicho cheupe ni chokaa.

Nyinyi watu wa visiwani mnajua tanuu la chokaa: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yakimwagiwa maji yanachemka na kuvimba na kuwa unga. Sasa jambo hilohilo limetokea ndani ya ukuta wa chungu. Udongo wenu una punje za matumbawe na maganda ya kombe, ndogo kama mbegu ya ufuta. Moto umezigeuza chokaa hai. Dukani, unyevu wa hewa ya bahari umezifikia polepole, zimevimba, zimerusha kigae nje. Bara jambo hili hutokea pia penye mawe ya chokaa, lakini kwenu ndiyo kawaida.

Kupima ni rahisi. Kausha bonge la udongo, lidondoshee siki au ndimu. Likitoa povu, chokaa imo. Mkiona povu dogo hapa na pale, udongo unaokoleka: ulowekeni kwenye pipa hadi uwe uji mwepesi, uchujeni kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa, acheni utuame, mwageni maji ya juu, mwageni uji mzito juu ya gunia au matofali makavu hadi ushikike. Kazi ni chafu na inachosha, na ndiyo sababu darasa zuri humfanyisha mwanafunzi angalau mara moja. Ukishawahi kuchuja pipa zima, hutaacha kijiwe kipite. Povu likiwa kila mahali, tafuteni machimbo mengine.

Na vile vyungu ambavyo vitatoka motoni kabla hamjabadili udongo, msiviache vikae. Vikipoa kiasi cha kushikika vizamisheni majini kabisa, viloweke. Wachoma matofali hutumia mbinu hii. Chokaa ikishiba maji yote kwa mpigo, mara nyingi hulainika na kujipenyeza kwenye vijitundu badala ya kuvimba na kurusha kigae. Mara nyingi, nimesema. Si kila mara.

*

*Nimepaka bakuli langu la udongo rangi ya mafuta ya dukani, linapendeza. Naweza kuwawekea watoto uji?*

Hapana. Rangi ya mafuta ni ya milango. Glezi ni kitu kingine kabisa, ni kioo kinachoyeyuka juu ya udongo ndani ya tanuri, na hata hiyo uliza muuzaji kama ina madini ya risasi, hasa kama utaweka vitu vichachu: ukwaju, ndimu, achari. Asiyejua jibu usinunue kwake. Bakuli lako lifanye la funguo. La uji tengeneza jingine lisilopakwa kitu, lichome vizuri, kisha chemshia humo uji mzito wa kwanza na uumwage. Wanga huziba vijitundu. Ndivyo vyungu vya nyumbani vimeanzishwa kutumika siku zote.

*

*Mama, binti yangu amemaliza kidato cha sita, anataka ufinyanzi na uchongaji, hataki kusikia uhasibu. Mimi ni mstaafu, Moshi. Nimpeleke wapi, na kuna maisha humo?*

Shikamoo mzee wangu. Maisha yamo, ila hayaji mapema. Vyungu vya maua, vigae vya ukutani, majiko: lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, limewalisha wafinyanzi wengi kuliko majumba ya sanaa. Akijua udongo na moto hatalala njaa. Akijua gurudumu peke yake, atasubiri watalii.

Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya serikali, yenye mafunzo ya sanaa za ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa, na nje ya mipaka kuna Makerere na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Akitaka shahada, huko. Lakini kabla ya kulipa ada yoyote, mpeleke akakae na wafinyanzi wa kijijini. Upareni si mbali na kwako. Akipata nauli aende Matema, Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, aone wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi. Asiende na kamera mbele. Aende na sukari na pesa ya siku, achote maji, akanyage udongo, asubiri aitwe. Akirudi bado anataka, hilo si pepo la ujana.

Kuhusu karakana za mjini, mzee, nakupa swali moja tu la kuwauliza. Udongo mkavu ukipeperuka ni vumbi la silika, halionekani, likiingia mapafuni halitoki, na mtu huumwa baada ya miaka. Karakana inayojua kazi haifagii kavu. Inapiga deki, inafuta meza kwa kitambaa kibichi, na mtu anayesugua udongo mkavu anavaa barakoa nzuri na anasugulia nje. Basi siku mtakapokwenda kuandikisha, muulize mwenyewe: sakafu mnaisafishaje? Akikuonyesha fagio, mchukue binti yako mwende kwingine.